Koti Langu Ndani ya Kompyuta Nyeupe

Nimekuwa na kompyuta nne maishani mwangu, na zote nne zimetoka kampuni moja. Jina la kampuni silitaji, hawajanituma niwatangazie. Mimi naziita nyeupe. Hata hii ya sasa ya kukunja, ambayo rangi yake ni kama ya sufuria mpya, naiita nyeupe. Wanangu wameniambia mara nyingi kwamba kwa bei ya moja ya hizi ningepata mbili za zile nyeusi. Najua. Niliacha shule darasa la nne, lakini hesabu hiyo sikuhitaji mwalimu. Nyeusi sigusi. Kuna mtu alinifukuza kazi Thika kwa sababu ya nyeusi, na mpaka leo nikiona moja mezani kwa mtu nasikia sauti yake.

Watu husema nimeipenda hii mashini kama mtoto wa mwisho. Kupenda kupo, sikatai. Lakini kupenda peke yake kungekuwa kumechoka zamani. Kilichonishikilia ni hasira, na sioni haya kuiandika.

Mtu mwenyewe alikuwa na duka la kuchapisha pale Thika, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hivyo karatasi zetu zote zilinuka dawa ya kupe. Aliniajiri nifagie, nipige deki, nichemshe chai. Nilikuwa nakuja kwa miguu kutoka Makongeni, na kabla jua halijapata nguvu sakafu ilikuwa inang'aa. Kompyuta ilikuwa moja tu, nyeupe, nene kama kichwa cha ndama. Mwenye duka aliichapa kwa vidole viwili, akitoa ulimi nje kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Nilijifunza kwa sababu ya pipa la taka. Nilikuwa napangusa vumbi kwenye kioo, nikaona pembeni chini pana picha ndogo ya pipa. Nikasema, haiya, kumbe hata huku ndani kuna wa kufagia! Halafu nikaona karatasi, nikaona mkasi, nikaona brashi ya rangi. Kila kazi ilikuwa na picha yake. Kiingereza changu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu tu, na ile mashini haikunidai zaidi ya hapo. Mwenye duka alikuwa mtu wa kutoka kwenda kula nyama saa tano na kurudi saa tisa. Kufikia mwaka kuisha, nilikuwa najua ndani ya ile kompyuta kuliko ndani ya jikoni kwangu.

Siku moja alirudi mapema. Kadi ya harusi aliyoiacha imepinda aliikuta imenyooka, maua yamekaa mahali pake.

"Nani amegusa hapa?"

Nikafagia mahali nilipokwisha kufagia. Akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akaangalia kioo tena.

"Kesho uje saa moja," akasema. "Kabla ya wateja."

Hakuna siku alinisifu. Tangu hapo kazi yote ya kupanga picha na maandishi niliifanya mimi, lakini kulikuwa na sheria. Ngazi zetu zilikuwa za mbao, mteja akianza kupanda unamsikia. Nikisikia mguu, ni lazima niinuke, nishike ufagio, naye akae. Mteja akifika juu anamkuta bwana ameshika kipanya na mama mmoja anafagia. Alikalia kiti nilichokipasha joto mimi. Miaka sita. Na nyuma ya kila kazi, chini kabisa, kwa herufi ndogo: imebuniwa na kuchapishwa na, halafu jina lake.

Kazi iliyotulisha ilikuwa programu za mazishi. Kwetu huku mtu hazikwi hivi hivi. Lazima kiwe kitabu cha rangi, picha ya marehemu mbele, historia ya maisha yake ndani, watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, na nani ataweka shada la maua baada ya nani. Shida ilikuwa picha. Watu wa viwandani na wa mashamba ya kahawa hawakuwa na picha. Mtu ameishi miaka hamsini, na picha yake ni ile ya kitambulisho, macho yametoka kama ameshikwa na polisi.

Akaja mjane mmoja kutoka Makongeni, jirani yangu wa mstari wa tatu. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, mtu wa magharibi mwa nchi, na mwili ulikuwa usafirishwe nyumbani. Alikuwa na picha moja tu, mumewe amesimama nje ya lango la kiwanda, amevaa vesti, jasho linamtoka, anacheka.

"Mama, sina nyingine," akaniambia, maana siku hiyo bwana hakuwepo. "Nikipeleka hii nyumbani, mashemeji watasema nilimkalisha uchi mjini. Mvalishe hata shati."

Nilikuwa na koti langu la kanisani, jeusi, la mitumba, lililonikaa mpaka wanawake wa kwaya walikuwa wananishika bega wakiniuliza fundi wangu ni nani. Nikalivaa juu ya shati jeupe. Tai nilichukua kwenye droo ya bwana, ile aliyokuwa akiivaa akienda benki. Nikashuka kwa mpiga picha wa mtaa wa nyuma, nikasimama wima, akanipiga. Picha iliposafishwa nikarudi juu, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikachukua ule mkasi wa kwenye kioo nikajikata kichwa mwenyewe. Nikaweka chake.

Mjane alipoona alikaa kwenye ngazi. "Woiye," akasema, "amekuwa mwalimu mkuu."

Kutoka hapo hatukupumua. Watu walikuja kutoka Juja, kutoka Gatundu, kila mtu anataka baba yake avae kama yule. Fundi wa mitaro akavaa koti langu. Mlinzi akavaa koti langu. Mzee mmoja ambaye sijui kama alikuwa amewahi kuvaa kiatu, akavaa koti langu na tai ya benki. Mimi mwenyewe Jumapili nalivaa niende kanisani, na Jumatatu nalivalisha watu. Mwenye duka akaanza kuitwa bingwa. Nilimsikia akimwambia mteja, mimi nikiwa nimeinama na dekio, "Hii ni kipawa. Haifundishwi."

Basi akaja mtu wa kuuza kompyuta, kijana wa tai nyembamba, akamletea nyeusi tatu. Siku ya kuzifungua duka lilikuwa na wateja wanne. Bwana akaniita mbele yao, kama mzaha.

"Njoo ukae hapa ujaribu. Hizi ndizo za kazi. Ile nyeupe ni ya kuchezea watoto."

Nikakaa. Nilitafuta pipa langu, nikatafuta mkasi, sikuona kitu ninachokijua. Kioo kikaniandikia maneno marefu ya Kiingereza, nikabonyeza, kikaandika mengine. Ni kitu ningejifunza kwa wiki mbili, kama mtu yeyote, lakini hakunipa hata dakika mbili.

"Mwacheni," akawaambia wateja. "Huyu ni wa deki."

Wakacheka. Mmoja wao nilikuwa nimemvalisha baba yake.

Jioni hiyo akaniambia kazi imeisha, ataajiri kijana wa kompyuta, na ufagio atashika huyo huyo. Ile nyeupe ilikuwa imezima tangu asubuhi na haikuwaka tena. Nikamwomba anipe. Akafikiri ni mzaha.

"Chukua huo mzoga," akasema. "Utaweka kuku ndani."

Nikalipa mtu wa mkokoteni, nikaifunika leso, tukaisukuma mpaka Makongeni nikishika kioo kisigongwe. Watoto wa mtaa walitufuata wakidhani ni televisheni. Baada ya wiki moja nikaipeleka Juja, kwa fundi mmoja mtu mzima karibu na chuo, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Akaichukua, hakuifungua hata. Akafungua plagi.

"Mama, ni fyuzi."

"Fyuzi ya ndani?"

"Ya plagi. Hii ndogo hapa. Imeungua."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliitupa kwa sababu ya kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi! Fundi akabadilisha, akawasha, na ile mashini ikalia ule mlio wake wa kuamka ambao nilikuwa nimeusikia asubuhi zote za miaka sita. Wafu wangu wote walikuwa humo. Kila kichwa kando, kila koti kando, kila tai kando, kama nilivyowaacha. Mwenye duka hakuwa ametoa hata mmoja. Hakujua hata wanakaa wapi.

Hapo ndipo niliapa. Nikasema, huyu ameziita za kuchezea watoto, basi nitazichezea mpaka nife. Nikapanga chumba Mugutha, Ruiru, ukuta mmoja na bucha, nikaandika nje kwa mkono: PROGRAMU, KADI, PICHA. Ya kwanza ilipochoka nikanunua ya pili ya kampuni ile ile, nikawahamisha wafu wangu wote, wakafunguka bila shida. Vivyo hivyo ya tatu na hii ya nne. Nimesomesha watoto watatu kwa hizo mashini, na mjukuu wangu wa kwanza sasa yuko chuo hapo Juja anasomea kuchora majengo. Ana nyeupe yake, niliyomnunulia mimi. Huwa ananitania, "Shosh, wewe ungeolewa na hiyo kampuni." Namwambia kampuni ingekuwa na bahati.

Lakini bado yule mtu wa Thika alinifuata. Nilikuwa naenda mazishi kama mtu yeyote, nakaa kwenye hema, napewa programu, nafungua, nalikuta koti langu. Kichwa cha mtu nisiyemjua, koti langu. Nageuza nyuma, jina lake. Kwa sababu nyeusi zake hazikuwa na zile faili, alikuwa anachukua programu za zamani za karatasi, anapiga picha tena, anabandika kichwa kipya. Na kila mwaka koti lilikuwa linapauka kidogo kwa kurudiwarudiwa, kama nguo iliyofuliwa na sabuni mbaya. Nilikuwa nakaa kwenye hema la watu wanaolia, nami nalia, na hakuna aliyejua kilio changu kilikuwa cha nini.

Katika kuliangalia hivyo mara nyingi ndipo nikaona kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekiwaza. Lile ni koti la mwanamke. Upande wa kulia umelala juu ya wa kushoto, vifungo viko kushoto, na kifuani limechukuliwa mshono likae kwenye matiti. Wanaume wote hao wa Thika, walinzi, makanika, wazee wa shamba, walikuwa wamevaa koti la kike. Kwenye kompyuta ningeweza kuligeuza kwa kubonyeza mara moja. Sikuligeuza. Nikasema likae hivyo hivyo, siku moja litaongea.

Likaongea mwaka jana.

Kanisa letu la Ruiru liliamua kutengeneza kitabu cha waumini na jamaa zao waliotangulia, kila mmoja na picha yake. Ukurasa wa kwanza ungekuwa na jina la aliyekibuni, na kitabu kingewekwa kanisani mbele, kwenye kabati la kioo. Nataka mnielewe. Kazi ya mikono yangu imepita kwenye maelfu ya mikono ya watu, na jina langu halijawahi kuchapishwa popote. Kwa duka langu mwenyewe sikuwa naliweka. Nilikuwa nimeshazoea kutoka kwenye kiti. Nikaitaka hiyo kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Naye yule mwenye duka akaitaka. Alikuwa amehamia Ruiru, amekuwa mzee wa kanisa, anakaa kiti cha mbele. Jumamosi asubuhi kamati ilituita sote wawili ukumbini. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja fundi wa nguo, mwanamke wa kuangalia pindo lako kabla hajakusalimia. Na kwenye kamati alikuwemo yule mjane wa Makongeni, jirani yangu wa zamani, ambaye sasa anaishi kwa mwanawe huku.

Akasimama yule bwana kwanza. Akatoa faili la plastiki limejaa programu za zamani.

"Wapendwa, hizi ni kazi za mkono wangu mwenyewe, tangu Thika. Wengi wenu hapa, niliwavalisha wazee wenu." Akampa mjane moja. "Mama, unaikumbuka hii?"

Mjane akaishika kwa mikono miwili. "Naikumbuka."

"Mimi ndiye nilimvalisha."

Mjane akaniangalia. Mwenyekiti akaniuliza, "Na wewe, Mama?"

Nilikuwa nimevaa koti. Lilikuwa limenibana mikononi, nimenenepa, lakini lilifunga. Nikasimama mbele, nikasema, "Mwenyekiti, wewe ni fundi. Angalia hilo koti kwenye picha. Halafu uangalie hili."

Akachukua programu, akavaa miwani. Akaja mpaka karibu, akanishika ukosi, akanigeuza kama mtoto anayepimwa yunifomu.

"Ngai," akasema. "Vifungo viko kushoto. Na hapa kifuani pameshonwa. Hii ni koti ya mama!"

Ukumbi ukavuma. Yule bwana akacheka kidogo. "Koti zinafanana. Za mitumba ni nyingi."

"Ni kweli," nikasema. "Basi fungua yako."

"Nifungue nini?"

"Ile uliyotengeneza. Umevalisha mtu kwa kompyuta, si kwa gundi. Kichwa kiko kando na koti liko kando. Tufungulie tuone."

Akasema ni zamani, kompyuta zimebadilika, faili zimepotea. Nikakunjua nyeupe yangu kwenye meza ya sakramenti, Mungu anisamehe, nikamtafuta yule mfanyakazi wa kiwanda. Akafunguka. Nikashika koti kwa kipanya, nikalivuta pembeni. Likatoka lote. Akabaki amesimama mbele ya lango na vesti yake, jasho linamtoka, anacheka.

Mjane akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyo ndiye wangu," akasema. Halafu akanigeukia, macho makali. "Na wewe! Miaka yote hiyo umenifichia alikuwa amevaa koti yako? Shemeji zangu wameiweka ukutani!"

"Ulisema nimvalishe."

"Nilisema shati!"

Watu wakaangua kicheko, hata pasta. Nikaongeza nyingine. Nikafungua yangu mwenyewe, ya siku ile, kabla sijajikata kichwa: mimi, mwembamba, nimesimama wima na tai ya mwanaume. Nikamwuliza, "Mzee, tai unaitambua?"

Alikuwa anakusanya karatasi zake. Hazikuwa zinaingia kwenye faili. Nilimwangalia akihangaika nazo na sikumsaidia. Nilikuwa nimengoja kuona mikono hiyo ikishindwa na kazi, nikaiona, na ilinishibisha.

Nikapewa kazi. Ila kamati ilitoa sharti, na lilikuwa la haki: wanaume wasiingie kitabuni na koti la mama. Kila familia ije dukani kwangu, ikae na mimi, iseme mzee wao avalishwe nini; familia isiposema, nisimbadilishie mzee wao nguo. Nikampiga picha mkwe wangu na koti la kiume, vifungo kulia. Wakaja wote, mmoja mmoja. Wengine walitaka koti jipya. Mjane alitaka vesti.

Nilipokuwa napitia picha zilizobaki ndipo nikamkuta baba yake. Yule bwana alikuwa amemzika baba yake baada ya kunifukuza, na amemvalisha mwenyewe kwa nyeusi zake, koti langu lililopauka. Mzee huyo namkumbuka. Alikuwa akipanda zile ngazi polepole, na alikuwa mtu pekee aliyenisalimia mimi kabla ya mwanawe. Hakunikosea chochote. Najua hilo.

Ili abadilishwe, mwanawe alipaswa kuja Mugutha, apite bucha, akae kwenye kiti cha mteja, aseme kwa mdomo wake, Mama, naomba umbadilishie baba yangu koti. Mwenyekiti alimpigia simu mara mbili. Mimi nilingoja wiki tatu. Kila nikisikia mguu mlangoni niliinua macho, na sikuinuka kwenye kiti. Hakuja. Mjukuu wangu akaniambia, "Shosh, mbadilishie tu, ni dakika moja." Nikamwambia ni dakika moja kweli, na mwenyewe ana miguu.

Kwa hivyo nikamwacha. Lakini si na lile koti lililopauka. Nikalitoa, nikamvalisha la kwanza kabisa, lile safi lenyewe, kila kifungo kinaonekana, kila mshono.

Siku ya kugawa vitabu nilikaa safu ya nyuma yake. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikaweka kidole kwenye jina langu, nikalisoma herufi kwa herufi. Mbele yangu yeye alikuwa anafunua kurasa haraka haraka, kisha vidole vikakoma. Alikaa kwenye ukurasa huo muda mrefu, shingo imeinama. Wanaume wote kushoto na kulia walikuwa na vifungo upande mmoja, na mzee wake upande mwingine.

Ibada ilipoisha watu walikuwa wanatuangalia, kwa hivyo ilibidi anipe mkono.

"Mama," akasema, bila kuniangalia, "kazi nzuri."

"Asante, mzee," nikamjibu. "Koti limemkaa."